Maradhi ya Kisukari, na Mambo Waliyoyaona Watafiti Nchini Mwetu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya maradhi ya kisukari, kwa sababu, asema, wanafunzi wa kidato cha tatu wamekuwa wakibishana bwenini usiku: je, kisukari huletwa na kula sukari? Nimekubali, ijapokuwa jambo lenyewe si la furaha kwangu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na kongosho naweza kulichora ubaoni nikiwa nimefumba macho. Walakini maradhi hayo yaliingia nyumbani mwetu nami nisiyatambue. Kwa hiyo nitaanza na nyumbani, kisha nitakwenda kwa watabibu.

Kaka yangu mkubwa aliondoka hapa Kitandililo mwaka 1994, amekaa juu ya lumbesa za viazi katika lori liendalo Dar es Salaam. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye miguu ya mtu apandaye vilima kila siku. Miaka ya kwanza alikuwa akipakua magunia sokoni, kisha akapata meza ya kuuzia, kisha duka. Kila Noeli alipokuja nyumbani tulimwona ameongezeka. Mama alikuwa akimzunguka akimtazama mbele na nyuma, na kusema, "Mwanangu amenawiri. Mji umempokea." Nasi wadogo zake tulilionea fahari tumbo lake kana kwamba ni mali ya ukoo.

Mwaka 2015 alikuja amekonda. Hapa msomaji wa mkoa wetu ameelewa bila ya kuambiwa. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 Mkoa wa Njombe ulionekana kuwa na watu wengi wenye virusi vya UKIMWI kuliko mikoa mingine ya Tanzania, zaidi ya 11 katika kila watu wazima 100. Kwetu sisi, basi, mtu akikonda huwa na tafsiri moja tu, na tafsiri hiyo hunong'onwa kisimani kabla mwenyewe hajafungua mizigo yake. Kaka naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Akakaa nayo miezi mitatu, mwisho akajikaza, akaenda kupima. Akakutwa hana virusi. Siku hiyo tulichinja jogoo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: kama si hayo, basi ni kitu gani kinachomkondesha? Hata mimi sikuuliza. Alikuwa akinywa maji mtungi hata mtungi, na usiku akitoka nje mara nne au tano katika baridi ya mwezi wa saba, nasi tukasema amezoea maji kwa joto la pwani. Mwaka uliofuata alipata kidonda kidogo kwa kubanwa na kiatu. Hakikumwuma, na kwa kuwa hakikumwuma hakukijali. Alipofika kwa mganga mkuu wa hospitali vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekwisha kuoza, vikakatwa. Hapo ndipo damu yake ilipopimwa sukari kwa mara ya kwanza, naye alikuwa na umri wa miaka 43.

Sasa tutazame kilichotokea mwilini mwake.

Ugali, viazi, ndizi, wali, maandazi, hata ulanzi ule mtamu wa asubuhi, vyote vikiisha kusagwa tumboni hutoa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Glukosi huingia katika damu na kuzungushwa mwili mzima, nayo ndiyo chakula cha misuli na cha ubongo. Lakini misuli haiwezi kuichukua hivi hivi kutoka katika damu. Nyuma ya tumbo liko kongosho, nalo hutoa maji maji yaitwayo insulini. Insulini ikifika, misuli na ini huifungulia sukari mlango. Fikiri nyumba ya mkulima mwenye mahindi tele yaliyorundikwa uani, na ndani watoto wanalia njaa, kwa sababu mlango wa kihenge haufunguki na wa jikoni haufunguki. Hiyo ndiyo hali ya mgonjwa wa kisukari. Damu imejaa chakula, na mwili una njaa. Ndiyo maana hula na kukonda.

Na zile safari za usiku? Figo huchuja damu na kwa kawaida hurudisha sukari yote. Sukari ikizidi mno figo hushindwa, nayo hutoka na mkojo, na kila itokapo huvuta maji pamoja nayo. Mwili hukauka, mtu huona kiu, hunywa, hutoka tena. Wazee waliotazama wakaona sisimizi wakikusanyika mahali mtu alipokojoa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona dalili ya kweli. Lakini atakayengoja sisimizi amekwisha chelewa. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, kwanza ya miguuni, machoni na katika figo. Mguu usiosikia maumivu ndio hatari kubwa, maana maumivu ni mlinzi, na kaka yangu alikuwa amempoteza mlinzi wake.

Yafaa wanafunzi wajue ya kuwa kisukari ni cha namna mbili kubwa. Namna ya kwanza huwashika hasa watoto na vijana: mwili wenyewe huziharibu sehemu za kongosho zitoazo insulini, na hapana kosa la chakula wala la unene ndani yake. Zamani kijana huyo alikufa tu. Mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini kutoka kongosho la mbwa, na mwezi wa Januari 1922 ikatiwa kwa sindano katika mwili wa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, umri wa wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza. Akaishi. Kama yuko mwanafunzi miongoni mwetu ajidungaye sindano za insulini, tafadhali asichekwe wala asiambiwe alikula peremende nyingi. Namna ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, huja polepole kwa watu wazima. Insulini ipo, lakini milango imekuwa migumu, hasa kwa mtu mwenye mafuta mengi tumboni na katika ini, na asiyetumia misuli yake. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, hata mwisho likachoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa mabishano ya bwenini ni hili. Kijiko cha sukari peke yake hakileti kisukari kama mbu aletavyo malaria. Lakini sukari nyingi kila siku, hasa ya kunywa, huongeza unene, na unene hufungua njia. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama vijiko vinane vya chai vya sukari. Jaribuni kuvitia vyote katika kikombe kimoja, mkitazame kabla ya kunywa.

Sasa nije kwa watafiti, maana hapa ndipo palipo na jambo lililonishangaza mimi niliyedhani najua.

Kwa miaka mingi vitabu vya utabibu vilisema kisukari ni adimu kwa Waafrika. Tabibu Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929 kwa muda wa miaka karibu thelathini, alieleza kwamba katika miaka yake ya kwanza Mwafrika mnene alikuwa kitu cha nadra sana kuonwa. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza ya Afrika. Baadaye, yeye pamoja na Denis Burkitt, aliyekuwa tabibu wa upasuaji huko Mulago, walitoa hoja kwamba vyakula vilivyokobolewa na kuondolewa makapi ndivyo vinavyoleta maradhi mengi ya watu wa Ulaya, na kitabu chao juu ya hayo kilitoka mwaka 1975. Si kila neno lao limethibitishwa, walakini swali lao lilikuwa zuri: je, kinga ya Mwafrika iko katika damu yake, au katika chungu chake na jembe lake?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kukaa hospitalini, kwa kuwa hospitali humwona ajaye tu. Katika Dar es Salaam Profesa Donald McLarty, pamoja na Daktari Swai na wenzao wa Muhimbili, walianza mwaka 1981 kuwaandika wagonjwa wapya wa kisukari, na mpaka mwaka 1987 walikuwa wameandika wagonjwa 1250. Huo tayari ulikuwa ushahidi kwamba maradhi hayakuwa adimu kama ilivyodhaniwa. Kisha wakafanya kazi iliyo ngumu zaidi: wakaenda vijijini. Katika vijiji sita vya nchi yetu walipima watu zaidi ya 6000, kuanzia umri wa miaka 15. Kila mtu alipewa kinywaji chenye gramu 75 za glukosi, akangoja saa mbili, ndipo damu yake ikapimwa. Hebu fikiri kazi ya kuwashawishi watu 6000 wakae saa mbili wakati wa shamba! Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Lancet la Uingereza. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Msomaji atasema, basi walikuwa kweli, Mwafrika ana kinga. Ngoja kwanza. Katika kila mia walikuwako wengine kama wanane ambao sukari yao haikuwa ya ugonjwa, wala haikuwa ya uzima; ilikuwa katikati, kama maji yaliyofika ukingoni mwa mtungi. Na wengi wa wale wachache waliokutwa na kisukari hawakuwa na habari kwamba wanacho.

Uchunguzi wa pili ndio uliojibu swali. Watafiti walilinganisha Ilala, ndani ya Dar es Salaam, na kijiji cha Shari katika Mkoa wa Kilimanjaro. Kiongozi wa taarifa hiyo alikuwa Terry Aspray, nayo ilitoka mwaka 2000. Walipima watu 770 mjini na 928 kijijini, kwa njia ile ile, kabla ya kula. Katika wanaume wa Shari wenye kisukari walikuwa 1.7 kwa mia. Katika wanaume wa Ilala 5.9. Katika wanawake wa Shari 1.1, wa Ilala 5.7. Nchi moja, watu wa asili moja, na mjini maradhi ni mara tatu hata mara tano. Mjini pia unene ulikuwa mwingi zaidi. Watafiti wenyewe, katika kichwa cha taarifa yao, walitaja mambo matatu: unene, upungufu wa kazi za mwili, na maisha ya mjini.

Mtu mwenye ubishi, na mimi napenda wanafunzi wabishi, atasema labda waendao mjini ni watu wa namna nyingine tangu mwanzo. Wako waliolifikiria hilo. Kikundi kilichoongozwa na Nigel Unwin kiliwatafuta watu 209 wa vijijini mkoani Morogoro waliokuwa karibu kuhamia Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, kisha wakawafuata huko huko mjini, wakawapima tena mwaka mmoja baadaye. Taarifa yao ilitoka mwaka 2010. Kabla ya kuhama, wanaume karibu 79 katika kila mia walikuwa wakifanya kazi nzito za mwili. Baada ya mwaka mmoja walibaki kama 27. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili, kwa wanaume na kwa wanawake. Kilo mbili kwa mwaka si nyingi, mtu hazioni. Lakini nilipozisoma nilichukua kalamu, nikazidisha kwa miaka ishirini, nikamwona kaka yangu mbele yangu. Sisemi kwamba kila mtu huongezeka hivyo mwaka hata mwaka. Hesabu ya mwili si ya kujumlisha tu. Nasema nilimwona.

Tena, ili tusiuonee mji, watu hao hao walikuwa wakila matunda na mboga zaidi kuliko walipokuwa kwao. Mji una mema yake.

Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa taifa zima, kwa watu wa miaka 25 mpaka 64. Sukari iliyozidi ilionekana kwa watu 9 katika kila mia, na waliozidi uzito walikuwa zaidi ya robo. Hapa nawaonya wanafunzi wangu wa sayansi: msichukue 9 hii mkaigawa kwa ile namba ya mwaka 1989 mkasema maradhi yameongezeka mara kumi. Umri wa waliopimwa haulingani, wala njia ya kupimia. Namba mbili zisizopimwa kwa kibaba kimoja hazilinganishwi. Lakini hapana budi kukubali kwamba jambo limekuwa kubwa.

Je, sisi wa Kitandililo tuko salama kwa kuwa si watu wa mjini? Nimekuwa nikitazama. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Zambia hupita hapo, barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Mahali kama hapo mji haungoji mtu aufuate. Viazi vyetu, ambavyo bibi zetu walivichemsha na maganda yake, leo vinaogelea katika mafuta kando ya barabara na kuitwa chipsi. Kiazi hakina kosa. Mafuta yale ndiyo yaliyoongeza hesabu. Mahindi yetu twayapeleka mashineni yakakobolewe yawe meupe, na mgeni akipikiwa ugali wa dona mwenye nyumba huomba radhi. Chai ya asubuhi, kwa baridi yetu hii, hutiwa vijiko vinne. Na pikipiki zimeondoa safari zile za miguu ambazo zilikuwa dawa tusiyoijua kuwa ni dawa. Sizilaumu pikipiki, zimewafikisha kina mama wengi kwa mkunga kwa wakati. Lakini mwalimu mwenye afya apandaye pikipiki kutoka nyumbani mpaka shuleni, hapo kuna jambo la kuuliza.

Mtu aweza kujipima unene wake kwa hesabu ya kidato cha pili. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 90: 1.70 mara 1.70 ni 2.89, 90 ukigawa kwa 2.89 ni 31. Ikifika 25 uzito umezidi; ikifika 30 ni unene wa hatari. Ama damu, hupimwa kwa tone moja la kidole. Kabla ya kula, sukari ikiwa 7.0 au zaidi, kwa kipimo cha milimoli katika lita, mtu huyo hupimwa tena ili ithibitike kwamba ana kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni wale wa ukingo wa mtungi. Kwa hao, na hili limeonwa katika nchi nyingi, kupunguza uzito kidogo na kutembea kila siku huweza kuwarudisha nyuma.

Kaka yangu amerudi Kitandililo. Anameza vidonge vyake, huvaa viatu vilivyofunika mguu hata shambani, na kila jioni huitazama miguu yake kwa taa kama mtu asomaye barua. Mama huona uchungu anapomwona akila ugali wa ngumi moja na mboga nyingi. "Unamnyima mwanangu chakula," aliniambia mwaka wa kwanza. "Atakonda tena, na watu waanze maneno yao." Nalimjibu, "Mama, safari ile alikonda kwa kuumwa. Safari hii anakonda kwa kupona." Hakuridhika siku ile, ila vijiko vya sukari katika chai yake kaka amevipunguza yeye mwenyewe mpaka hapana.

Kaka ndiye aliyetulazimisha nyumba nzima tukapimwe, na kila mtu aombe vipimo vyote viwili, cha virusi na cha sukari, ili asiwepo tena mtu wa kuchinjiwa jogoo nusu ya habari. Mama, mwenye umri wa miaka 74 na jembe mkononi mpaka leo, alikutwa na 4.9. Mimi mwalimu nilikutwa na 6.4.

Tangu siku ile nakuja shuleni kwa miguu, dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinichukua alidhani nimekasirishwa naye, akaja nyumbani jioni na baba yake kuniomba radhi. Niliwakaribisha ndani, nikawaeleza habari hii yote kama nilivyoieleza hapa, na baba mtu akaniuliza hiyo mashine ya kidole iko wapi, kwa maana yeye naye siku hizi huamka usiku mara tatu.